WAZEE WA GRAMU: Baiskeli kilo sita, majivuno kilo mia

Video inaanza na mzani. Siyo baiskeli, mzani. Ule wa ndoano kama wa buchani, ila huu ni wa kidijitali na umeagizwa China. Jamaa mmoja wa Masaki, jina kapuni, ananing'iniza mashine yake kwa siti, kamera inasogea taratibu, biti inapanda, namba zinachezacheza halafu zinatulia: 6.31. Chini yake emoji za moto mpaka simu inaganda. Wiki mbili baadaye inakuja video nyingine, mzani uleule, biti ileile, sasa inasoma 6.24. Amebadilisha bolti zote, kaweka za titani. Gramu 70 zimeondoka, na kwa kapsheni yake mwenyewe, zimeondoka na laki nane.

Gramu 70 ni yai moja kubwa la kuku. Zege moja ya usiku pale Mwenge ina mayai mawili. Hesabu unaiona inavyorudi.

Kama hujakutana nao, basi hujawahi kuamka Jumamosi alfajiri. Wazee wa gramu wamejaa mjini. Utawajua kwa salamu: hawaulizi "umelalaje", wanainua baiskeli yako kwa vidole viwili, wanaipima hewani, halafu wanakuangalia usoni kwa huruma. Wanajua uzito wa kila kitu. Kishikio cha chupa, gramu 15. Tyubu za plastiki zile za rangi ya machungwa, gramu 35, wakati tyubu ya kawaida ya mpira ni kama 100. Kuna mmoja kakata mrija wa siti sentimita nne kwa sababu "hizo zilikuwa zinakaa ndani bure". Mwingine kabandua stika. Stika!

Hela ni zao, na hakuna anayewakataza kuzitumia. Mjini kuna watu wanatumia zaidi ya hapo kwenye meza ya klabu, asubuhi hawana hata bolti ya kuonyesha. Shida siyo matumizi. Shida ni kwamba mzani umegeuzwa kuwa mwalimu wa mchezo mzima, na unachofundisha ni uongo, na uongo huo una watu unaowaumiza.

Kwanza hesabu, maana wenyewe wanapenda namba. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo nane, spidi 30 kwa saa, barabara tambarare, hana upepo wa mbele. Miguu yake inatoa kama wati 160. Karibu robo tatu ya hizo zinaliwa na hewa tu, ile anayoipasua kwa kifua. Sasa mpunguzie baiskeli kilo moja nzima, siyo gramu 70, kilo. Anaokoa nini? Chini ya nusu wati. Akiinama tu akashika usukani kwa chini, bure, bila kuagiza chochote popote, anaokoa zaidi ya mara ishirini ya hiyo.

Watasema, "na kwenye kilima je?" Sawa, twende kilimani. Mtu anayetoa wati 200 akipanda kilima chenye kimo cha mita 30, kilo moja iliyopungua inampa sekunde moja na nusu. Zile gramu 70 za laki nane zinampa sehemu ya kumi ya sekunde. Kope haijamaliza kupepesa. Na Dar es Salaam hii ina vilima vingapi vya kimo hicho? Ukitoa Pugu unaanza kuhesabu madaraja. Kinachowamaliza watu Toure Drive siyo kilo, ni kusi linalotoka baharini, na kusi halina habari na bolti za titani.

Ukienda milimani kweli, gramu zina hoja. Alpe d'Huez kule Ufaransa inapanda karibu mita 1,100, na hapo kilo moja kwa mtu wa wati 200 inakaribia dakika nzima. Waingereza wana mashindano yao ya kukimbilia kilima kimoja kifupi kila vuli, wanatoboa mpaka mrija wa siti, na wana haki, kwa sababu mtu anashinda au anashindwa kwa sekunde mbili. Hata Kigali, pale mashindano ya dunia yalipofanyika Septemba 2025, mara ya kwanza kufika Afrika, wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 na kupanda zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja. Huko ongelea gramu mpaka kesho. Lakini Kigali ni Kigali, na Mwenge kwenda Tegeta ni Mwenge kwenda Tegeta.

Kinachochekesha ni kwamba hao mabingwa wanaoigwa wameshatoka huko. UCI, wanaosimamia mchezo huu duniani, waliweka kima cha chini tangu mwaka 2000: baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Kuna miaka mafundi wa timu kubwa walikuwa wanaongeza vyuma ndani ya fremu ili mzani wa marefa usiwakatalie. Leo, baada ya kuingia breki za diski na fremu zilizochongwa kukata upepo, baiskeli nyingi za Tour de France zinazidi kilo saba, na spidi zao ndiyo kwanza zinapanda. Yaani bingwa anashuka mlimani kwa spidi 90 juu ya kilo saba na ushee, halafu jamaa wa Masaki anaenda kunywa kahawa Oysterbay kwa kilo 6.24. Nani anashindana na nani hapo?

Wao hupenda kumtaja Eddy Merckx. Ni kweli, mwaka 1972 kule Mexico City, Mbelgiji yule alivunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 49.431 juu ya baiskeli ya Ernesto Colnago isiyofika kilo sita, iliyotobolewa matundu kila mahali palipowezekana. Ila msimulie stori yote. Ilikuwa baiskeli ya uwanjani, haina gia za kubadilisha, haina breki, imejengwa kwa ajili ya saa moja tu ya maisha ya mtu mmoja. Baada ya hapo dunia nzima ikashika dreli. Watu wakatoboa mikono ya breki, wakatoboa meno ya cheni, wakatoboa visivyotoboka. Merckx alikuwa na sababu. Wale wengine walikuwa na dreli.

Ufundi wenyewe upewe maua yake, hapo hakuna ubishi. Kutoa fremu nzima ya gramu 585, kama Specialized walivyofanya na Aethos mwaka 2020, ni kitu cha kuvulia kofia: nusu kilo ya sukari na kidogo juu, halafu inambeba mtu mzima kwenye lami mbovu. Trek walishauza baiskeli kamili ya kilo 4.65 mwaka 2014, ya dukani kabisa, unalipa unaondoka. Kuna Mjerumani mmoja alitumia miaka kujenga yake kipande kwa kipande mpaka ikashuka kwenye kilo tatu na kidogo, kisha duka moja la Marekani likaichukua na kuisukuma mpaka kilo 2.7. Ikatajwa thamani ya dola 45,000. Huyo Mjerumani alikuwa anatengeneza vitu kwa mikono yake. Jamaa zetu wa mzani wanabonyeza "nunua sasa".

Haya, sasa njoo kwenye kinachouma.

Angalia kilichotoka kwenye hizo baiskeli ili namba ishuke. Taa ya nyuma imetoka, gramu 40. Kengele imetoka. Pampu imetoka, tyubu ya akiba imetoka, "nikipata pancha napiga simu". Kuna wanaochomoa hata vizibo vya mwisho wa usukani, vile viplastiki vya gramu tano, bila kujua kwamba ukianguka, mrija wazi wa usukani unaingia tumboni kama kikombe cha kukatia andazi. Kwenye mashindano marefa hawakuruhusu kuanza bila hivyo vizibo. Hapa Bongo jamaa anatupia picha navyo mkononi: "gramu 10 nyingine hizo, asanteni".

Na hizi siyo barabara za Uswisi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Bagamoyo Road ina malori ya mchanga, ina daladala zinazowahi abiria wa kwanza, ina bajaji zinazokuja upande usio wake na taa moja, ina bodaboda ambaye hajalala toka jana. Katikati ya hao kuna mtu kavaa nyeusi tupu juu ya baiskeli nyeusi ya kaboni isiyo na taa, kwa sababu taa inaharibu mzani.

Sasa mwangalie muuza mkaa. Ametoka Kisarawe usiku, ana magunia mawili, mzigo unazidi kilo 100, chini yake Phoenix ya chuma ambayo yenyewe tu ni kama kilo 20 na zaidi. Hiyo baiskeli fundi wake hajapunguza kitu, ameongeza. Kachomea nondo kwenye foku, kaweka spoki nene, kaongeza keria ya chuma cha pembe. Huo nao ni ufundi, wa miaka na miaka, na haujawahi kupata emoji hata moja. Na huyo mzee mwenye kilo 100 mgongoni mwa baiskeli kafunga tochi ya mchina kwenye usukani kwa kamba ya mpira. Katika watu wote walio barabarani saa ile, mwenye mzigo mzito kuliko wote ndiye aliyebeba taa.

Kuna wale wanaotaka gramu za Masaki kwa mfuko wa Sinza. Hawa ndio wa kuwaonea huruma. Usukani wa kaboni wa kampuni inayojulikana ni hela ndefu, kwa hiyo mtu anaingia mtandaoni anaokota usukani wa kaboni usio na jina, au wenye jina la kuiga, kwa bei ya viatu. Unafika, unang'aa, una gramu chache, video inapigwa. Kaboni siyo chuma. Chuma kinakupa taarifa: kinapinda, kinalia, kinaonyesha ufa. Kaboni iliyotengenezwa vibaya, au iliyokazwa na spana ya kawaida bila kipimo cha nguvu, inakaa kimya mpaka siku inapoamua, na siku hiyo inakatika yote kwa mpigo. Hata vifaa halali vyepesi sana, vingi vinakuja na karatasi inayosema mwisho ni mtu wa kilo kadhaa. Nani anasoma karatasi? Karatasi nayo ina uzito.

Ila kuna kilio kingine ambacho hakionekani kwenye video. Kijana mmoja wa Mbagala alikusanya hela ya udereva wa bajaji miezi kadhaa, akanunua baiskeli ya mtumba pale Kariakoo, ya alumini, safi tu, kama kilo 13 hivi. Akasikia kuna kundi la Jumamosi. Akaamka saa tisa usiku, akaja kwa baiskeli hiyohiyo kutoka Mbagala mpaka Oysterbay, yaani kabla safari yao haijaanza yeye alikuwa ameshapiga yake. Akapokelewa vipi? Mmoja akaiinua kwa vidole viwili, akaiachia, akasema, "Bro, hii umeibeba au imekubeba?" Wakacheka. Mwingine akamshauri kwa upole kabisa, upole unaoumiza kuliko matusi, kwamba "anza kwanza kutafuta fremu". Safari ikaanza, kwenye tambarare dogo akakaa nao bila shida, hesabu ile ya juu inaeleza kwa nini. Lakini pale kahawani hakukaa meza yao. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja.

Huyo ndiye mchezo ulimpoteza. Miguu ya kutoka Mbagala na kurudi, iliyofukuzwa na vidole viwili. Bingwa mara nne wa Tour de France, yule aliyezaliwa Nairobi, aliingia mtoto tu kwenye kundi la vijana wa David Kinjah kule Kikuyu, mahali ambapo baiskeli huunganishwa kwa vipande vinavyopatikana. Kundi lile lilipokea watoto, likawafundisha kuendesha. Fikiria pale mlangoni angesimama mmoja wa wazee wa gramu na mzani wake.

Na mzani ukishamaliza baiskeli, hauishii hapo. Unahamia mwilini. Kuna dada mmoja, mwendeshaji mzuri, anawaacha wanaume wengi, alitupia picha yake na baiskeli mpya. Komenti ya kwanza kutoka kwa mtu wa kundi lake mwenyewe: "Mashine nyepesi, sasa tushughulikie injini." Emoji za kucheka. Ni utani, eh? Utani huo una historia mbaya kwenye mchezo huu. Waendeshaji wa kulipwa wamekuwa wakijinyima chakula miaka mingi kutafuta uwiano wa nguvu na kilo, mpaka mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikatoa tamko kuhusu hali ya mwanamichezo anayekula kidogo kuliko anachotumia: wasichana hedhi inakatika, mifupa inakuwa dhaifu, kinga inashuka, na wanaume nao homoni zinavurugika. Mambo ya watu wenye daktari wa timu hayo, na bado yanawaumiza. Sasa unayaleta kwa dada anayekwenda kazini Jumatatu, anaendesha kwa raha yake, hana daktari wala mkataba. Kwa ajili ya nini? Sehemu ya kumi ya sekunde?

Utetezi wao unajulikana. Wa kwanza ni wivu: "wasio nacho ndio wanaoongea". Sawa, ila muuza mkaa hamwonei wivu mtu yeyote, yeye anaomba tu usimtokee gizani bila taa. Wa pili ni kwamba ni hobi, kama wengine wanavyokusanya raba. Mkusanya raba haji kuinua raba yako kwa vidole viwili mbele za watu. Wa tatu, huu ni wa wajuzi, ni kwamba gramu ya gurudumu ni sawa na gramu mbili za fremu. Hiyo ni kweli kidogo, pale tu unapokuwa unaongeza spidi kwa nguvu. Ukishashika mwendo, gramu ni gramu. Umeongeza spidi mara ngapi kati ya Masaki na kahawa?

Wapo waungwana kati yao, isemwe. Kuna mzee mmoja mwenye baiskeli ya kaboni nyepesi kuliko ya yule wa mzani, hajawahi kuipima hadharani, ana taa mbili nyuma, na mfukoni ana tyubu tatu wakati yeye anahitaji moja. Hizo mbili ni za wengine. Ukipata pancha anarudi, anakaa nawe pembeni ya barabara mpaka uzibe. Hana wafuasi mia tano Instagram.

Wanaoongoza haya makundi wanajulikana, na neno la kuanza safari liko mdomoni mwao. Waanze kukagua baiskeli kabla ya kutoka, ila wasikague kilo. Taa ya nyuma inawaka? Vizibo vya usukani vipo? Tyubu na pampu mfukoni? Breki zinashika? Mgeni yupo, na nani anakaa naye mwishoni asiachwe? Asiye na taa asitoke, hata kama mashine yake ina kilo nne. Na yule kijana wa Mbagala namba yake ya simu iko kwenye grupu, hajajitoa bado. Kuna mtu anaweza kumpigia leo jioni.